“Si Ndiyo Ile Nusu Kaputi?”

Kila nyumba ina jibu lake la haraka mtoto anapokosea. Kwa jirani yangu, mtoto akifeli mtihani ni kwa sababu karithi ujombani. Kwa rafiki yangu wa ofisini, ni kwa sababu alitembea kabla ya kuota meno. Kwetu sisi, kwa miaka mingi sasa, jibu ni moja tu: nusu kaputi. Mtoto kamwaga chai? Nusu kaputi. Kasahau daftari shuleni? Nusu kaputi. Kaitwa mara tatu hajaitika kwa kuwa anaangalia katuni? Utasikia mtu anashusha pumzi kule jikoni: “Si ndiyo ile nusu kaputi?”

Msomaji wangu, kama ndiyo kwanza mmeoana, au una mimba ya kwanza, au una kachanga ka miezi michache hapo nyumbani, naomba mwezi huu tuweke pembeni kidogo mambo ya mitindo na mapishi. Mimi nimesomea mawasiliano, si udaktari, na kazi yangu ya kila siku ni kuhariri makala. Lakini hili limeingia chumbani kwangu, limekaa katikati ya kitanda kati yangu na mume wangu, na najua haliko kwetu peke yetu. Wazazi wengi wanaogopa dawa ya usingizi kuliko ugonjwa unaomsubiri mtoto. Na wakati wanaogopa, siku zinakwenda.

Uvimbe wa saizi ya ndimu

Mume wangu ni mtu wa Kilwa Kivinje. Juni 2018, wiki ya Idi, tulipanda basi Mbagala kwenda kumwonyesha bibi mjukuu wake, kidume cha miezi mitano. Tukavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, tukashuka Nangurukuru, na kabla ya jua kuzama mama mkwe alishampakata mtoto anamwita “mume wangu”, mimi natazamwa kama mke mwenza!

Siku ya pili alikuwa anamwogesha uani. Mtoto akalia kile kilio cha maji baridi. Mama mkwe akaniita kwa sauti ya chini, ile ambayo mkwe ukiisikia unajua si ya chumvi wala sukari. “Mwanangu, hebu njoo utazame hapa.”

Kwenye kinena, upande wa kulia, palikuwa na uvimbe wa saizi ya ndimu. Mtoto aliponyamaza, uvimbe ukarudi ndani kana kwamba haukuwahi kuwepo.

Sasa, ukiwa pwani ya Lindi ukataja uvimbe wa sehemu hizo, kila mtu anajua jina moja: busha. Matende na mabusha yamewatesa watu wa pwani hii miaka nenda rudi. Ni ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na mbu, ndiyo maana serikali imekuwa ikigawa kingatiba mwaka baada ya mwaka. Shangazi wa mume wangu akacheka: “Mtoto wa miezi mitano na busha wapi na wapi?” Wifi yangu akashauri afungwe kitambaa chenye sarafu. Mwingine akasema atafutiwe kombe. Mimi sikubishana na mtu, lakini asubuhi yake tulikuwa hospitali ya wilaya.

Daktari alitueleza kwa lugha nyepesi. Mtoto wa kiume akiwa tumboni kwa mama, korodani zake huanzia juu, karibu na figo, halafu hushuka kupitia kinjia kidogo kwenye kinena. Kinjia hicho kinatakiwa kujifunga. Kisipojifunga, kipande cha utumbo kinaweza kupenya humo mtoto anapolia au kujikaza. Hiyo ndiyo ngiri ya kinena. Watoto wa kiume huipata zaidi ya wa kike, na watoto njiti ndio wako kwenye hatari kubwa zaidi.

“Kitovu kikubwa tunaweza kukisubiri,” alisema, “kwa sababu vingi hujifunga vyenyewe kabla mtoto hajafika miaka mitano. Hii ya kinena haijifungi. Inashonwa.” Akatushauri tukirudi Dar tumpeleke hospitali yenye watu waliozoea kuwapa watoto wachanga dawa ya usingizi, tena tusikae sana.

Usiku wa simu

Usiku ule tumekaa mkekani, upepo wa bahari unapuliza, mume wangu yuko kwenye simu. Yeye ni mhasibu. Kwake jambo halijawa jambo mpaka alione limeandikwa. Akanipa simu bila kusema neno.

Ilikuwa ni tahadhari ya Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliyotolewa Desemba 2016. Ilisema kwamba dawa za nusu kaputi zikitumika kwa zaidi ya saa 3, au kwa kurudiwarudiwa, kwa watoto walio chini ya miaka 3, zinaweza kuathiri ukuaji wa ubongo. Orodha ya dawa hizo ilikuwa ndefu. Ketamini ilikuwemo. Halothani ilikuwemo. Zote mbili ni majina yanayofahamika kwenye vyumba vya upasuaji vya Afrika.

“Unataka mtoto wangu awe zezeta?” akaniuliza.

Jamani! Mtoto “wangu”? Mimi nilikuwa mlezi tu? Nikamwambia na mimi maneno yangu, ambayo mhariri mwenzangu akiyaona hapa atayafuta. Tukalala migongo imeangaliana.

Hofu yake haikutoka hewani. Mwaka 1999 na tena 2003, wanasayansi walichapisha majaribio yaliyoshtua madaktari wa usingizi dunia nzima. Katika lile la 2003, vitoto vya panya vya siku 7 vilipewa mchanganyiko wa dawa za usingizi kwa saa 6. Seli nyingi za ubongo zikafa, na panya wale walipokua wakapata shida ya kujifunza na kukumbuka. Baadaye nyani nao wakachunguzwa, na wasiwasi ukaongezeka.

Lakini ile tahadhari ya FDA ilikuwa na sentensi nyingine ambayo mume wangu aliipita haraka, kama watu wengi walivyofanya. Ilisema kuwa dozi moja, ya muda mfupi, haielekei kuleta madhara kwa mtoto. Upasuaji wa ngiri ya mtoto kwa kawaida hauchukui hata saa moja. Na saa 6 za panya wa siku 7 si kitu kidogo, maana ubongo wa panya hukimbia hatua zake za ukuaji kwa siku chache tu, ilhali wa binadamu unachukua miaka.

Kesho yake shangazi akaleta ushahidi wa mtaani. Kuna kijana hapo jirani alipasuliwa akiwa mchanga, hadi leo kusoma kunampa taabu. Nikauliza historia yake taratibu, kwa adabu zote. Kumbe alizaliwa njiti. Kumbe kabla ya kutimiza miaka miwili aliugua malaria kali iliyopanda kichwani hadi akapoteza fahamu. Malaria ya namna hiyo peke yake inaweza kuacha alama kwenye akili ya mtoto. Sasa, utajuaje kipi kilifanya nini? Hilo ndilo swali lililowasumbua hata watafiti wakubwa. Mtoto anayepasuliwa mapema mara nyingi ana jambo jingine lililompeleka kwenye kisu.

Alichosema mama mkwe

Siku mbili hatukuongea vizuri. Mume wangu alitaka tusubiri mtoto afike miaka mitatu, ile namba ya Wamarekani ipite, ndipo apasuliwe. Kwa mhasibu ni hesabu safi kabisa. Tungekaa na ngiri miaka miwili na miezi saba.

Aliyevunja ukimya ni mama mkwe. Alikuwa anapeta mchele, hakuinua hata macho. Akasema kabla ya mume wangu kuzaliwa alikuwa na mtoto mwingine wa kiume. Alikuwa na uvimbe kama huu, unaingia na kutoka. Usiku mmoja haukurudi. Ukawa mgumu kama jiwe, mtoto akaanza kutapika, matapishi yakawa ya kijani, tumbo likajaa. Ilikuwa masika. Enzi hizo hapakuwa na daraja Rufiji, watu walivuka kwa pantoni pale Ndundu, na mvua ikikolea barabara ya kusini ilikuwa inakufa wiki hata miezi. Hawakuwa na pa kwenda.

“Hakuna aliyetuambia jina la ugonjwa,” alisema. “Tulisema ni tumbo.” Halafu akamtazama mwanawe. “Ngoja ngoja huumiza matumbo, baba. Mimi nimeona.”

Mume wangu alikuwa hajawahi kusikia habari ya kaka yake yule. Mwanaume mzima aliinuka akaenda ufukweni kwenye mikoko, akarudi jioni. Akaniuliza basi la kwanza linapita saa ngapi.

Hili ndilo ambalo hakuna tahadhari ya Marekani itakayokwambia kuhusu Kilwa. Ngiri ya mtoto mchanga hunasa zaidi katika mwaka wa kwanza wa maisha. Ikinasa, damu haifiki kwenye kile kipande cha utumbo, na zinazohesabika ni saa. Mzazi wa Boston akisubiri, ana gari la wagonjwa na barabara. Sisi je? Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, na lami ilikuja kukamilika miaka mingi baadaye. Na hata sasa, Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipopiga pwani yetu, maji yalikata barabara kuu ya Lindi na Dar es Salaam eneo la Somanga, magari yakakwama pande zote mbili. Jiulize ngiri ya mtoto ingenasa wiki hiyo.

Siku yenyewe

Tulimpeleka hospitali moja Dar. Kabla ya upasuaji tuliomba kuongea na daktari wa usingizi, sio wa kupasua tu. Wazazi wengi hawajui kwamba wana haki hiyo. Mtu anayeshona ngiri mnamjua jina, lakini anayeshikilia pumzi ya mtoto wenu wala hamjamwona sura!

Alituambia jambo ambalo nimelibeba hadi leo. “Mnaniuliza kama atakuwa na akili darasani. Mimi leo nashughulika na pumzi yake, moyo wake, joto lake na sukari yake. Hivyo vikikaa sawa, na ubongo unakaa sawa.” Akatuonyesha kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni. Akasema hatakiondolea macho.

Na hapo ndipo hatari yenyewe ilipo kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliofuatilia zaidi ya watoto 8,000 waliopasuliwa katika nchi 31 za Afrika, ulikuta watoto wanaofariki hospitalini baada ya upasuaji ni kama mara 11 zaidi ya wale wa nchi tajiri. Wengi hufika wakiwa wamechelewa, wana maambukizi, kwenye hospitali zenye wataalamu na vifaa pungufu. Ukiwa na hofu ya kutumia, itumie hapo. Uliza nani atamlaza mtoto, ana uzoefu gani na wachanga, na oksijeni ipo.

Kingine ni njaa. Mtoto anayelazwa usingizi hatakiwi kuwa na kitu tumboni, maana akiwa hana fahamu anaweza kutapika na matapishi yakaingia kwenye mapafu. Kwa kawaida maziwa ya mama husimamishwa saa 4 kabla, uji na maziwa ya kopo saa 6. Wifi yangu, kwa huruma zake, alikuja asubuhi ile na chupa ya uji kwenye mkoba. “Jamani mtoto analia, hata kijiko kimoja?” Tulimpenda, tukamshukuru, na uji tukanywa sisi. Nakuomba sana msomaji: kijiko hicho kimoja cha huruma ni cha hatari kuliko mambo mengi mnayosoma kwenye simu.

Kuna wanaouliza, kwani lazima nusu kaputi? Si wampe ganzi kidogo, mtoto mchanga anasikia nini? Kwetu pwani, kwenye jando za zamani, mtoto wa kiume alifundishwa kutolia, kwa hiyo wazo hilo si geni. Hata Ulaya na Marekani, hadi miaka ya 1980 wachanga wengi walipasuliwa wakiwa wamelegezwa misuli tu, dawa ya maumivu kidogo sana, kwa imani kwamba mishipa yao ya fahamu haijakomaa. Mwaka 1987 daktari Anand na wenzake huko Oxford walionyesha kuwa wachanga waliopewa dawa kamili ya maumivu walipata msukosuko mdogo mwilini na matatizo machache baada ya upasuaji. Mtoto anasikia. Hana tu maneno ya kukwambia.

Chini ya saa moja, mlango ukafunguliwa. Alikuwa analia kwa sauti iliyokauka. Sijawahi kusikia kilio kitamu namna ile.

Majibu yalikuja mtoto anatembea

Februari 2019, mwanangu akiwa anajikongoja kushika makochi, yakatoka matokeo ya utafiti uliokuwa kama umeandikwa kwa ajili yetu. Unaitwa GAS. Wachanga 722 wenye ngiri ya kinena, katika hospitali 28 za nchi 7, waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipewa nusu kaputi ya gesi, kwa kawaida chini kidogo ya saa moja. Nusu walipasuliwa wakiwa macho, kwa ganzi ya mgongoni kama ile wanayopewa akina mama wengi wanaojifungua kwa upasuaji. Walipofika miaka 5 wakapimwa akili. Wastani wa makundi yote mawili ulikuwa kama 99. Hapakuwa na tofauti.

Kabla ya hapo, mwaka 2016, utafiti mwingine wa Marekani uitwao PANDA ulichukua ndugu wa damu jozi 105. Mmoja alipasuliwa ngiri kabla ya miaka 3, mwenzake hakupasuliwa. Wazazi walewale, ugali uleule. Alama zao za akili zililingana.

Nilimpelekea mume wangu zile habari kwa ujumbe, yuko kazini. Alijibu: “Sawa.” Wenye waume wahasibu mnajua uzito wa neno hilo.

Ila tusidanganyane, habari haikuishia hapo. Utafiti wa tatu, MASK, wa mwaka 2018 kutoka hospitali ya Mayo, uliwapima watoto 997. Waliolazwa usingizi mara moja hawakuwa nyuma. Waliolazwa zaidi ya mara moja, alama zao za jumla za akili nazo zilikuwa sawa na wenzao, lakini walionekana wazito kidogo katika kasi ya kuchambua mambo na kazi ndogondogo za vidole, na wazazi wao walitaja matatizo zaidi ya kusoma na tabia. Je, ni dawa, au ni ule ugonjwa uliowarudisha hospitali mara kwa mara? Utafiti huo haukuweza kuvitenganisha.

Wale ambao mara moja haitoshi

Hapa nazungumza na wewe mama wa Nachingwea au Liwale ambaye mtoto wako ana mdomo sungura, au kichwa kikubwa, au tundu kwenye moyo. Kwako habari ya “mara moja, chini ya saa” haipo. CCBRT wanashona mdomo kwanza, na kaakaa baadaye. MOI pale Muhimbili wanashughulikia vichwa vikubwa na mgongo wazi. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete inapasua mioyo ya watoto ambao zamani walipelekwa India.

Kwa watoto hawa, ugonjwa wenyewe ndio unaokula akili. Maji kichwani yanaukandamiza ubongo kila siku yanapoachwa. Kaakaa lililo wazi linamnyima mtoto matamshi wakati ule anaojifunza kusema. Moyo mbovu unaunyima ubongo oksijeni. Kusubiri umri wa miaka 3 ili kukwepa dawa ni kuukinga ubongo na mvua huku umeuacha kwenye mafuriko.

Na jirani zetu wameonyesha kwamba inawezekana kupunguza idadi ya visu. Kule Mbale, Uganda, kwenye hospitali ya watoto ya CURE, daktari Benjamin Warf aliendeleza njia ya kufungua tundu dogo ndani ya ubongo ili maji yapite yenyewe, badala ya kuweka bomba linaloweza kuziba na kuhitaji upasuaji mwingine. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa wachanga 100 hapo hapo Mbale. Baada ya mwaka mmoja, ukuaji wa akili wa waliotobolewa tundu na wa waliowekewa bomba haukutofautiana. Kwa hiyo swali la mzazi liwe: je, kuna njia itakayotupunguzia kurudi? Je, operesheni mbili zinaweza kufanywa kwa usingizi mmoja? Hayo ni maswali ya busara, na daktari mzuri hatakasirika.

Miwani

Turudi nyumbani kwangu. Mtoto alipoingia darasa la kwanza, mwalimu akaanza kuandika kwenye daftari: “Hamalizi kazi.” Wiki ya pili: “Anachanganya herufi.” Nyumbani pakawa na ule ukimya. Kwenye simu kutoka Kivinje shangazi akauliza bila kuficha. Mume wangu hakusema kitu, lakini nilimwona usiku anafungua tena ile tahadhari ya 2016.

Nilikataa. Sikukataa kwa sababu ya ujuaji. Nilikataa kwa sababu neno “nusu kaputi” halina dawa. Ukishalitamka, unakunja mikono. Mtoto anageuka kuwa kitu kilichoharibika, na wazazi wanabaki kutafutana nani alitia sahihi.

Nikakaa naye sakafuni na kitabu cha hadithi. Akasoma vizuri tu, ila kitabu kilikuwa karibu na pua. Tukampeleka kliniki ya macho. Kumbe mtoto wa watu haoni ubaoni! Alikuwa ananakili kwa kuangalia daftari la jirani yake, na jirani mwenyewe ana mwandiko wa kuku. Wiki mbili baada ya kupata miwani, akaanza kumaliza kazi. Bibi yake alipopelekewa picha akasema mume wake sasa ni profesa.

Mume wangu alimshika mtoto kichwa, akakaa naye hivyo muda mrefu. Halafu akafuta ile kurasa kwenye simu.

Kwa wawili mnaosubiri tarehe

Kama mmeambiwa mtoto wenu mdogo anahitaji upasuaji, haya ndiyo ningependa mtu aniambie.

Kwanza, muulizeni daktari: ikisubiri, nini kinaweza kutokea? Kama jibu ni “hakuna”, kama kwa vitovu vingi, subirini kwa amani. Kama jibu ni utumbo kunasa, moyo kuchoka au ubongo kukandamizwa, msiitumie dawa ya usingizi kama sababu ya kuahirisha.

Pili, mkiwa na ngiri na tarehe haijafika, jueni dalili: uvimbe uliokuwa unarudi umegoma, umekuwa mgumu au mwekundu, mtoto analia bila kunyamaza, anatapika. Hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Mkisafiri kwenda kijijini, jueni kabisa hospitali ya karibu ni ipi na barabara ikoje msimu huo.

Tatu, onaneni na daktari wa usingizi. Mwambieni kama mtoto ana mafua au homa, kama alizaliwa njiti, kama kuna ndugu aliyewahi kupata shida na dawa za usingizi. Fuateni saa za kutokula kama mlivyoambiwa, na mashangazi wote waelezwe mapema.

Nne, na hili ni la kwenu wawili: ongeeni kabla ya sahihi. Semeni hofu zenu zote, hata zile za kijinga. Mkishakubaliana, mmeamua wote. Likitokea lolote baadaye, asiwepo wa kusema “mimi nilikwambia.” Ndoa ngapi zimepasuka kwa neno hilo!

Tano, mtoto akikua, mtazameni yeye, msiitazame historia yake. Akichelewa kuongea, pimeni masikio. Akishindwa kusoma, pimeni macho. Akikosa usikivu, angalieni analala saa ngapi, anakula nini asubuhi, darasani wako wangapi. Shida nyingi za mtoto zina jina, na nyingi zenye jina zina pa kuanzia.

Na akimwaga chai, mpeni kitambaa afute. Watoto wote wanamwaga chai.